Kumtunza mtoto wa paka aliyepooza miguu ya nyuma

Mtoto wa paka anayejikokota kwa miguu ya mbele, huku ya nyuma ikiburutika, huhukumiwa haraka. Wapo wanaomtupa jalalani, na wapo wanaoomba achomwe sindano ya kumpumzisha siku hiyo hiyo. Hukumu hiyo hutolewa kwa kutazama miguu, ilhali mara nyingi kinachoamua iwapo ataishi ni kibofu cha mkojo.

Kwanza kijulikane chanzo. Paka hatembei sawasawa kabla ya kutimiza wiki tatu hivi, kwa hiyo mchanga wa siku kumi anayetambaa si mgonjwa. Kwa waliokwisha kutembea, sababu ya kawaida ni ajali: kugongwa na gari, kubanwa na mlango, kuanguka au kung'atwa na mbwa. Ipo nyingine isiyoshukiwa. Paka anayelishwa nyama tupu, au minofu ya samaki bila mifupa, hukosa kalsiamu; mwili huichota mifupani, pingili za mgongo zikalegea, na kuruka tu kutoka kitini kukazivunja. Virusi vya korona vya paka navyo huweza kushambulia mishipa ya fahamu. Ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa hauna tiba, lakini madaktari wa mifugo nchini Uingereza wameweza kuipata dawa yake kihalali tangu mwaka 2021.

Katika Afrika Mashariki hapana budi kukumbuka pia kichaa cha mbwa. Paka wa mitaani aliyepooza, anayetokwa na udenda au aliyebadilika tabia, asishikwe kwa mikono mitupu. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mgonjwa abebwe juu ya ubao au ndani ya boksi gumu, mgongo usipindwe. Asipewe Panadol kamwe: ini la paka haliwezi kuisaga, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Daktari wa mifugo atambana kidole cha mguu wa nyuma. Mguu kujivuta si dalili ya kuhisi, kwani uti wa mgongo huweza kufanya hivyo wenyewe. Kinachotafutwa ni paka kugeuza kichwa au kulia. Asipohisi maumivu hata kidogo, matumaini ya kutembea tena ni haba.

Sasa turudi kwenye kibofu. Paka wengi waliopooza hawawezi kukojoa, na matone yanayolowesha matandiko humdanganya mfugaji: mara nyingi ni mkojo unaofurika kutoka kibofu kilichojaa. Kibofu hukamuliwa angalau mara tatu kwa siku. Hupapaswa tumboni, mbele ya mapaja, kama ndimu ndogo iliyo laini. Vidole hukibana taratibu kutoka pande zote mbili, kuelekea mkiani, mpaka kiishe. Kukibana kwa nguvu huweza kukipasua, hivyo mara ya kwanza ifanyike mbele ya daktari. Mkojo ukiwa na damu, ukichafuka au ukinuka kupita kawaida, kuna maambukizo. Sisi tuliokulia Pwani, ambako paka hujitafutia mwenyewe, kazi hii ingetuchekesha. Lakini mkojo unaobaki ndani hurudi kuharibu figo.

Ngozi nayo huumizwa na mkojo na sakafu ya saruji. Tandika zulia au mkeka laini, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe vizuri. Ikiwa mgongo umevunjika, atulizwe katika kizimba kidogo kwa wiki kadhaa. Mazoezi ya kukunja na kunyoosha miguu hungoja ruhusa ya daktari.

Wapo paka wasiotembea tena ambao hula, hucheza na hupanda kochi kwa nguvu za mabega, mradi nyumbani pawe na mtu kila baada ya saa nane. Asiye na nafasi hiyo ni heri amwambie daktari mapema, kabla figo hazijaharibika.