Bakteria sugu katika damu: Muheza, Muhimbili na zahanati za mwambao

Bakteria huingia kwenye damu kupitia utumbo, mapafu, kidonda au kitovu cha mtoto mchanga, na wakishazaliana humo mgonjwa anaweza kufa ndani ya siku moja mbili. Katika mwambao wa kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Bagamoyo hadi Tanga, maradhi haya yamejificha kwa miaka mingi nyuma ya malaria, maana homa ni ileile.

Watafiti walilifunua hilo katika Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, mwaka 2006 na 2007. Kati ya watoto 3,639 waliolazwa, 2,195 walikuwa na vimelea vya malaria na 341 walikuwa na maambukizi makali ya bakteria. Wapo waliokuwa na vyote viwili. Kwa hiyo hata kipimo cha malaria kikitoa jibu la "ipo", bado bakteria wanaweza kuwapo.

Usugu wa bakteria kwa dawa ndio unaoua. Katika utafiti wa 2001 na 2002 uliofanywa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, watoto wenye bakteria wa kundi la Gramu hasi kwenye damu, kama Klebsiella na Salmonella, walikufa asilimia 43.5, ilhali wenye malaria walikufa asilimia 20.2. Kupewa dawa ambayo bakteria wameshaizoea kulichangia vifo. Baadhi ya bakteria hao hutengeneza vimeng'enya viitwavyo ESBL, vinavyoivunja penisilini na hata seftriaksoni, sindano inayotegemewa wodini. Maelekezo ya kuvitengeneza hukaa kwenye plasmidi, yaani vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa aina nyingine.

Lawama za usugu huu kwa kawaida humwangukia mgonjwa asiyemaliza dozi. Nadhani huo ni uonevu: Klebsiella sugu wa watoto wachanga aghalabu huenezwa wodini, kwa mikono na mipira ya dripu.

Kumtambua bakteria sugu hutaka damu ioteshwe maabara kwa siku mbili tatu, na zahanati ya kijijini haina uwezo huo, kwa hiyo mganga hukisia. Hata hospitalini damu inapaswa kuchukuliwa kabla ya dawa ya kwanza, lakini wengi hufika wakiwa wameshameza vidonge vya dukani. Chupa ya damu iliyopelekwa maabara haioteshi kitu, na mgonjwa anaandikiwa kuwa hana bakteria.