Mtoto akikamatwa na polisi, hupelekwa wapi?

Mtoto anayetiwa mbaroni nchini Kenya hapaswi kufungiwa seli moja na watu wazima. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaagiza kuwa kumzuilia mtoto kuwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, naye atengwe na wakubwa. Kutekelezwa kwa agizo hilo hutegemea mno yanayofanyika kituoni katika saa za kwanza.

Umri

Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, ilipandisha umri wa kuwajibikia makosa ya jinai kutoka miaka minane hadi 12. Aliye chini ya miaka hiyo hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Aliyetimiza miaka 12 lakini hajafika 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya, hadi mahakama ipewe ushahidi wa kinyume.

Hatari kubwa humkabili kijana asiye na cheti cha kuzaliwa. Afisa akimkadiria kwa kimo tu, mvulana wa miaka 16 aweza kuandikwa kuwa mtu mzima na kujipata katika rumande ya wakubwa. Panapozuka shaka, daktari huweza kuombwa kukadiria umri huo.

Mhalifu au mhitaji?

Mtoto aliyetelekezwa, anayeombaomba au asiye na makao si mhalifu. Sheria humtambua kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Polisi humkabidhi kwa afisa wa watoto, ambaye huwatafuta jamaa zake au huiomba mahakama itoe amri ya mahali atakapotunzwa.

Anayeshukiwa kutenda kosa hushughulikiwa kwa njia nyingine. Mzazi au mlezi sharti ajulishwe, pamoja na afisa wa watoto. Kosa likiwa dogo, mtoto aweza kuepushwa na kesi iwapo amekiri bila kushurutishwa na kuridhia mpango huo. Badala ya kushtakiwa, huenda akatakiwa kuomba radhi, kulipa fidia, kupata ushauri nasaha au kuhudhuria shule bila kukosa.

Mahakamani

Asipoachiliwa, hufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi endapo muda huo utaisha mahakama zikiwa zimefungwa. Mahakama yaweza kumpa dhamana au kumpeleka katika makao ya rumande ya watoto.

Akipatikana na hatia, sheria hairuhusu afungwe gerezani. Aweza kuwekwa chini ya afisa wa probesheni akiwa kwao, au kupelekwa shule ya urekebishaji, kama vile Wamumu kwa wavulana na Kirigiti kwa wasichana. Wenye miaka iliyokaribia 18 huenda wakapelekwa taasisi za borstal zinazosimamiwa na Idara ya Magereza: Shimo la Tewa na Shikusa kwa wavulana, na Kamae kwa wasichana. Muda wa kukaa humo hauzidi miaka mitatu.

Wajibu wa mzazi

Mzazi aitwapo kituoni, afike upesi na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na aulize kama afisa wa watoto amearifiwa. Asiyejua pa kuanzia aweza kupiga simu nambari 116, inayoshughulikia maslahi ya watoto bila malipo. Kuchelewa kwake kwaweza kumgharimu mtoto usiku mzima korokoroni.