Uvutaji wa sigara, sigara za kielektroniki na kukoroma

Uhusiano wa uvutaji na kukoroma ni suala la afya linalohusu namna moshi wa tumbaku na mvuke wa sigara za kielektroniki unavyoathiri njia ya hewa na usingizi wa binadamu. Wavutaji wa sigara hukoroma zaidi kuliko watu wasiovuta. Anayehama kutoka sigara kwenda mvuke huepuka sehemu kubwa ya sumu za moshi, lakini kwa kawaida huendelea kupata nikotini, ambayo huvuruga usingizi.

Jinsi kukoroma kunavyotokea

Mtu anapolala, misuli ya koo na ulimi hulegea na njia ya hewa huwa nyembamba. Hewa inayopita kwa nguvu katika nafasi hiyo hutikisa kaakaa laini na kimio, yaani kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na mtikisiko huo ndio sauti ya kukoroma. Mambo yanayoongeza kukoroma ni unene, pombe, umri, kuziba kwa pua, mafindofindo makubwa na kulala chali.

Kukoroma peke yake si lazima kuwe ugonjwa. Lakini kwa watu wengine njia ya hewa huziba kabisa kwa sekunde 10 au zaidi, mara nyingi kila usiku. Hali hiyo huitwa kukatika kwa pumzi usingizini. Kila pumzi inapokatika, oksijeni hupungua katika damu na ubongo humzindua mtu kidogo ili avute hewa, mara nyingi bila yeye kujua. Isipotibiwa, hali hiyo inahusishwa na shinikizo la damu, magonjwa ya moyo, kiharusi na ajali za barabarani zinazotokana na dereva kusinzia.

Athari za moshi wa sigara

Moshi huwasha utando wa pua na koo, ukauvimbisha na kuongeza makamasi, hivyo njia ya hewa hupungua upana. Pia una kaboni monoksidi, gesi inayoshikamana na hemoglobini ya damu na kuchukua nafasi ya oksijeni.

Utafiti uliofanywa katika nchi za Ulaya ya Kaskazini na kuchapishwa mwaka 2004 ulihusisha watu zaidi ya 15,000. Waliokoroma mara kwa mara walikuwa asilimia 24 ya wavutaji, asilimia 20.3 ya walioacha kuvuta na asilimia 13.7 ya watu ambao hawajawahi kuvuta. Miongoni mwa wasiowahi kuvuta, walioishi na moshi wa wengine nyumbani kila siku walikoroma zaidi (asilimia 19.8) kuliko wasioupata (asilimia 13.3). Kwa hiyo mvutaji anaweza kuharibu usingizi wa mke, mume au watoto wanaolala chumba kimoja naye, hata kama wao hawajagusa sigara.

Nikotini na usingizi

Nikotini huchangamsha ubongo na kuongeza mapigo ya moyo. Anayevuta karibu na wakati wa kulala huchelewa kupata usingizi, na usingizi wake mzito hupungua. Kiasi cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Kwa sababu hiyo mtu aliyezoea huanza kuwa na arosto katikati ya usiku, akaamka au akagaagaa kitandani. Hali hii haitegemei kama nikotini ilitoka katika sigara, ugoro au mvuke.

Kuhamia sigara za kielektroniki

Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Kifaa hiki hutumia betri kupasha moto kimiminika chenye propilini glikoli, gliserini, vionjo na kwa kawaida nikotini. Kwa kuwa tumbaku haiungui, mtumiaji hapati lami, na kaboni monoksidi hupungua sana. Hiyo ni faida kwa mvutaji anayeacha sigara kabisa. Anayetumia vyote viwili bado anavuta moshi.

Hata hivyo, mvuke hukausha na kuwasha koo kwa baadhi ya watumiaji. Pia ni rahisi kuuvuta kitandani bila kuwasha kiberiti, hivyo nikotini huingia mwilini hadi dakika ya mwisho kabla ya kulala. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, asilimia 18 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameacha sigara za kawaida baada ya mwaka mmoja, kulinganisha na asilimia 9.9 ya waliotumia dawa nyingine za nikotini. Lakini kati ya hao walioacha kwa msaada wa mvuke, asilimia 80 walikuwa bado wanautumia.

Anayeacha nikotini kabisa anaweza kulala vibaya kwa wiki chache za kwanza. Baadhi huongezeka uzito, jambo ambalo nalo huchochea kukoroma.

Afrika Mashariki

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya watu wazima walitumia tumbaku: asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake. Sheria ya bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, kabla ya sigara za kielektroniki kuenea, na nchi iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku mwaka 2007. Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki na shisha kwa sheria yake ya mwaka 2015.

Katika bonde la Kilombero, kama vile Kibaoni na sehemu nyingine za Ifakara, moshi wa sigara huweza kuungana na moshi wa kuni, mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma. Chandarua humkinga mtu na mbu, lakini hakizuii moshi wala mvuke.

Hatua za kuchukua

Kukoroma hupungua kwa kulala ubavu, kupunguza uzito, kuepuka pombe jioni na kutotumia nikotini saa kadhaa kabla ya kulala. Kuacha uvutaji hupunguza uvimbe wa koo polepole. Nafuu haionekani kwa usiku mmoja.

Mtu anayekoroma anapaswa kwenda hospitali ikiwa anayelala naye humwona akikatika pumzi, akiamka kwa kupaliwa, au akiwa na maumivu ya kichwa asubuhi na kusinzia mchana. Hili ni muhimu zaidi kwa madereva na waendesha bodaboda. Kukatika kwa pumzi kunaweza kutibiwa kwa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan wa Australia na kuelezwa mwaka 1981. Kubadili sigara kwa mvuke si tiba ya ugonjwa huo.