Vidonge 5000 Kutoka Thailand

Enda chemist yoyote mtaani leo uitishe flukonazoli. Muuzaji hata hatakuangalia mara mbili. Wengi wetu tunaijua kama ile dawa ya fangasi tu, ya kuwashwa huko chini ama utando mweupe mdomoni. Lakini manze, hiki kidonge kimepiganiwa. Mimi niliacha kampasi kabla ya kumaliza, na kwa miaka yote niliyokaa darasani hakuna mwalimu aliwahi kunipa hii stori. Wacha niwape mimi.

Kwanza, elewa kwa nini fangasi ni ngumu kuua. Bakteria ni tofauti sana na sisi, kwa hivyo ni rahisi kupata sumu inayomaliza hao na kukuacha wewe salama. Fangasi ni kama binamu yetu, seli zake zinakaribiana na zetu. Ukimrushia jiwe, linaweza kukupata wewe. Ile dawa kali ya zamani, amfoterisini B ya miaka ya 1950, inatoboa seli za fangasi poa kabisa, lakini inaumiza figo za mgonjwa. Na lazima upewe kwa mshipa, ukiwa umelala hospitalini.

Baadaye wanasayansi wakajipanga na tofauti moja ndogo. Utando wa seli zetu una kolesteroli. Wa fangasi una ergosteroli. Flukonazoli inazima kimeng'enya ambacho fangasi anatumia kutengeneza hiyo ergosteroli, utando unaharibika na anashindwa kuendelea kukua. Timu ya Pfizer ndiyo iliitengeneza kule Sandwich, Uingereza, na Marekani ikaiidhinisha mwaka wa 1990. Unaimeza na maji tu, na inafika hadi kwenye majimaji yanayozunguka ubongo.

Hapo kwa ubongo ndipo mambo yalikuwa moto. Hiyo ni miaka ambayo Ukimwi ulikuwa unamaliza watu Afrika. Kinga ikishuka, fangasi anayeitwa Cryptococcus, ambaye tunamvuta kwa pumzi bila kujua, anapanda kichwani na kuleta meninjitisi. Mwingine, Candida, anajaa mdomoni na kooni mpaka mtu anashindwa kumeza hata mate. Dawa ilikuwepo. Shida ilikuwa bei, kwa sababu Pfizer ilikuwa na patenti, yaani hakuna mwingine aliruhusiwa kuitengeneza.

Afrika Kusini kulikuwa na jamaa anaitwa Christopher Moraka, mwanachama wa Treatment Action Campaign. Mwaka wa 2000 alienda mbele ya kamati ya bunge, akiwa mgonjwa, akawaeleza vile dawa hii imemshinda kununua. Mwezi wa Julai mwaka huo huo akafa, mwili umejaa fangasi. Soma hiyo tena. Aliuawa na ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa imeshafika miaka 10 sokoni.

Wenzake hawakutulia na kuomboleza tu. Zackie Achmat, kiongozi wao, ambaye pia aliishi na virusi, alipanda ndege akaenda Thailand. Huko viwanda vya wenyeji vilikuwa vimeruhusiwa kushindana, na kidonge kilikuwa chini ya randi 2. Kwa maduka ya dawa ya Afrika Kusini kilikuwa kama randi 80. Alirudi na vidonge 5000, na Oktoba 2000 wakaita waandishi wa habari na kutangaza mbele ya dunia nzima kwamba wamevunja sheria. Kampeni wakaipa jina la Moraka. Ilipofika Machi 2001, Pfizer ilikuwa inatoa dawa hiyo bure kwa kliniki za umma huko.

Kenya nayo haikubaki nyuma. Mwaka huo wa 2001, baada ya wanaharakati wetu kusukuma, bunge lilipitisha Industrial Property Act, iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje.

Sasa maoni yangu. Tunapenda kusema sayansi iliokoa watu. Ni nusu ya ukweli. Sayansi ilimaliza kazi yake 1990, halafu watu wakaendelea kuzikwa mpaka wengine wakakubali kuhatarisha kufungwa jela. Na hii mechi haijaisha. Flukonazoli peke yake haitoshi kwa ile meninjitisi. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, isiyoumiza figo sana, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili. Inafanya kazi, na majaribio yake yalifanyiwa hapa hapa Afrika, hata jirani zetu Uganda wakiwemo.

Kwa hivyo ukisikia kuna dawa mpya, usipige makofi kwanza. Uliza inauzwa ngapi, na nani ameamua hiyo bei.