Roketi Inayoanzia Gerezani

Watu wa rika letu tukipiga stori kuhusu fantasia na hadithi za kisayansi za Afrika, tunaongea kana kwamba zimezaliwa juzi. Tunataja Binti ya Nnedi Okorafor (2015), tunataja The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber (2021), basi. Mimi pia niliingilia mlango wa Bajaber. Lakini nikitafuta ndugu wakubwa wa kitabu hicho, nilikutana na jambo moja linalojirudia: safari ya ajabu huanza na mtu aliyefungiwa.

Hebu twende Lamu, 1913. Muhamadi Kijumwa anatunga utendi wa Fumo Liongo, hadithi iliyokuwa kongwe tayari. Liongo hauawi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Huyo ni shujaa wa sinema kabisa! Lakini kinachonibamba mimi ni jela. Mama yake anamtumia mkate wa wishwa, maana mkate mzuri ungeliwa na walinzi. Ndani ya mkate kuna tupa. Nje ngoma inapigwa, na kelele zake zinafunika sauti ya minyororo ikikatwa.

Kutoka hapo ruka hadi 1995, Katama Mkangi anapotoa Walenisi. Dzombo amehukumiwa kifo. Anatiwa kwenye chombo cha anga ambacho kinatarajiwa kuwa jeneza lake, naye anajifunza kukiendesha mpaka anatua kwenye sayari ya watu walio sawa. Lisome jina polepole: wale ni sisi. Kusema kweli, wenyeji wa sayari hiyo wanahutubia sana, na kuna kurasa zinachosha kama mkutano wa chama. Lakini Mkangi alikuwa mhadhiri aliyekamatwa 1986, enzi za Moi, akawekwa kizuizini bila kesi. Ukijua hilo, kile chombo kinakuwa kizito zaidi. Aliyekiandika alijua mlango wa chuma unavyofungwa.

Aisha wa Bajaber hana pingu. Ni msichana wa Mombasa ambaye baba yake mvuvi amepotelea baharini, naye anamfuata kwa mashua ya mifupa akiwa na paka anayeongea. Wengi hulalamika kwamba akisharudi nchi kavu, kitabu kinapoa. Mimi naona hapo ndipo kinapouma. Majitu ya baharini ameyashinda, lakini nyumbani anasubiriwa na maisha aliyopangiwa na wengine. Hiyo nayo ni jela, ila hii ina harufu ya pilau na watu wanaokupenda.

Kuna wanaosema fantasia ni ya kukimbia uhalisia. Baada ya maandamano ya Juni 2024, vijana walipokuwa wakitekwa na watu wasiovaa sare, nilimsoma Dzombo upya na sikuona anakimbia popote. Kijumwa alitupa tupa, Mkangi chombo cha anga, Bajaber mashua. Kila mmoja alianza kwa kuuliza nani amefungiwa na nani anashika ufunguo. Kwa hivyo ukiandika roketi yako, andika. Ila utuambie pia inaruka kutoka wapi, na nani aliyebaki ndani.