Nguzo au Meza?

Nguzo ya bendera ya kwanza niliyoisimika mwenyewe, katika shule moja kusini mwa Mombasa, ililala chini kusi lilipoanza kuvuma. Haikuvunjika. Iling'oka na zege lake zima, kama jino. Nilikuwa nimechimba futi mbili, nikamwaga zege pana, nikiamini uzito utaishika. Mzee aliyenifunza kazi alilizunguka lile zege mara mbili, kisha akaniuliza, "Kijana, hii ni nguzo au ni meza?"

Yeye alianza na mikoko, siku ambazo simiti ilikuwa kitu cha kuazimana. Wakata mikoko wa Lamu waliipanga miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, na ile nene kuliko hizo ikaitwa nguzo. Nguzo ilitiwa shimoni, vipande vya matumbawe vikajazwa pembeni, udongo ukashindiliwa tabaka kwa tabaka kwa kichwa cha mti. Kazi ilikuwa katika kushindilia, na mzee hakuwahi kumwachia mtoto wa watu.

Kabla yake zilikuja nguzo za waya: Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani 1901, ilikwenda sambamba na nguzo za telegrafu. Waya ulipofika kwa Wanandi ulikatwa na kufanywa mapambo, nao twiga hawakuwa na habari kwamba kuna kitu kimepita shingoni mwao. Kwa nguzo kama hizo wasimikaji wengi wana kanuni moja, ambayo mzee alinipa bila kitabu: chukua sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo, ongeza futi mbili. Nguzo ya futi thelathini, shimo la futi tano. Mimi niliikata kanuni hiyo nusu na zaidi.

Kisha simiti ikawa yetu. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuitoa mwaka 1954, kikichimba matumbawe ya kale ya pwani hii hii. Karai moja ya simiti, mbili za mchanga, nne za kokoto, na kila fundi akajiona amemaliza elimu. Nadhani hapo ndipo tulipoharibikiwa: zege lilitufanya tusahau udongo.

Upepo hausukumi nguzo kuelekea chini. Huisukuma kwa ubavu, kule juu mbali na shimo, nayo nguzo hugeuka wenzo. Zege hulala upande mmoja karibu na uso wa ardhi, na kule chini kabisa husukuma upande wa pili. Linalolizuia ni udongo. Mwaka 1964 mhandisi wa Uswidi, Bengt Broms, aliandika hesabu yake, nami niliijua ukubwani: kwenye mchanga, ukiongeza kina kutoka mita moja hadi mbili kwa nguzo ya mita kumi juu ya ardhi, upepo ukiipiga katikati, nguvu ya kuushinda huongezeka karibu mara saba. Ukiongeza upana maradufu, hupati zaidi ya maradufu. Mzee hakuwahi kumsikia Broms, lakini mtaimbo wake ulikuwa umeyafika maneno hayo.

Na udongo si mmoja. Kisiwani Mombasa unagonga jiwe, ukilipasua umepata mshiko. Likoni mchanga humiminika shimoni unapochimba. Nairobi kuna ule udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nguzo huachiwa pengo pembeni yake bila mtu kuigusa.

Tulirudi shuleni tukachimba futi tano, shimo jembamba, kuta zake hazikulegezwa. Mzee hakutaka nguzo imezwe na zege. Alipanga bolti nne kwenye ubao uliotobolewa, tukazizamisha, zege likasimama inchi chache juu ya ardhi, likateremka pembeni ili maji yasituame penye chuma. Siku chache baadaye tukafunga sahani ya nguzo kwa nati, tukiinyoosha kwa timazi, yeye akisonga mbali na kufumba jicho moja.

Lile zege la kwanza hatukulivunja. Tulilisukuma chini ya mwarobaini, wanafunzi wakaanza kulichezea bao siku hiyo hiyo.