Kasi ya Intaneti Kirua Vunjo: Kikwazo Kilivyohama

Kusuasua kwa intaneti katika vijiji vya Kirua Vunjo, mashariki mwa mji wa Moshi, kuna historia yake. Kila kipindi kilikuwa na kikwazo chake, na dawa iliyofaa zamani haifai leo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kompyuta zenyewe: mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia kuziingiza nchini, zuio lililokuja kulegezwa baadaye. Intaneti ilipoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipita kwenye nyaya za simu. Modemu haikuvuka kilobiti 56 kwa sekunde, hivyo picha ya megabaiti moja ilichukua zaidi ya dakika mbili kufunguka. Mawasiliano na ng'ambo yalitegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ombi pamoja na jibu lake vilimaliza karibu nusu sekunde njiani. Mtumiaji hakuwa na la kurekebisha.

Mambo yaligeuka Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipozinduliwa Dar es Salaam. EASSy ulifuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukafikisha uwezo huo mikoani. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilizindua intaneti ya kasi Horombo, kambi ya wapanda Mlima Kilimanjaro iliyo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Umbali haukuwa tena kikwazo kikuu.

Kikwazo kilihamia kwenye kipande cha mwisho, kati ya mnara na nyumba. Miteremko ya Kilimanjaro, viliko vijiji hivi, imekatwa na makorongo, na mawimbi ya redio hayapenyi mgongo wa kilima. Nyumba mbili zinazotazamana ng'ambo ya korongo moja zaweza kupata kasi tofauti kabisa. Migomba na miti ya kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, hunyonya mawimbi, na paa la bati huyarudisha. Desemba, Wachaga, wenyeji wa hapa, wanapopanda nyumbani kwa Krismasi, mnara uleule hugawiwa watu wengi zaidi.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa leo huanzia ndani kwenda nje. Kwanza kompyuta huunganishwa na ruta kwa waya, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, kisha kasi hupimwa. Ikipanda, tatizo liko ndani: vifaa vingine vilikuwa vikila kasi, au waifai ni dhaifu kwa kuwa ruta iko mbali au kuta nene zimeizuia. Isipopanda, hukaguliwa programu zinazojisasisha kimyakimya, virusi, na bando, kwani baadhi ya vifurushi hupunguziwa kasi kiwango kikiisha. Hatua ya tatu ni kusogeza ruta ya laini ya simu hadi dirisha linaloelekea mnara na kupima tena, asubuhi na jioni. Kasi ikishuka jioni tu, mnara umeelemewa.

Hitilafu ya mbali nayo haijatoweka. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Dalili yake ni kwamba majirani wa mitandao tofauti hukwama kwa wakati mmoja. Hapo kazi ni ya mafundi wa mkongo, na hakuna sababu ya kubadili ruta.